Wiki za Mwanzo za Janga: Jinsi ya Kuiandaa Nyumba Kabla Ugonjwa Haujabisha Hodi

Machi 2020 nilirudi nyumbani na chupa sita za kitakasa mikono. Nilikuwa nimepanga foleni, nimesukumana na watu, nikajiona shujaa. Mama akazitazama zile chupa, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, dawa zangu za presha umezikumbuka?" Vilikuwa vimebaki vidonge vinne.

Tangu siku ile nimeacha kujiandaa kwa kutazama kikapu cha jirani. Ugonjwa mpya unapotangazwa, wengi wetu hujiandaa kana kwamba dunia inakwisha. Kumbe kinachoelekea kukupata ni kitu kidogo zaidi na cha kuchosha zaidi: kukwama ndani wiki mbili, na humo ndani kuna mtu anaumwa, pengine zaidi ya mmoja. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinajibu swali hili: sote tukiugua wiki moja, nani atafanya nini, na atatumia nini?

Kama una muda, fuata mpangilio ulivyo. Kama huna, ruka hadi hatua ya 3, kamilisha dawa, kisha urudi juu.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa unakwenda kwa kasi gani

Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba virusi vipya vya korona ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Siku hiyo, nje ya China kulikuwa na wagonjwa 98 tu waliothibitishwa. Tarehe 11 Machi shirika hilohilo lilipouita ugonjwa huo janga la dunia, wagonjwa walishapita 118,000 katika nchi 114. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 41. Nyingi kati ya hizo tulizimaliza tukibishana kama jambo lenyewe ni la kweli.

Kinachotudanganya ni hesabu. Chukua wagonjwa 10 leo, na idadi iwe inaongezeka maradufu kila baada ya siku tatu. Siku ya 15 wako 320, na mtu bado anasema "ni wachache, sijawahi hata kumwona mmoja." Siku ya 30 wako 10,240. Ndiyo maana idadi ya leo haikuambii mengi. Tafuta idadi ya wiki iliyopita, uilinganishe na ya leo, uone imechukua siku ngapi kuongezeka maradufu. Hiyo ndiyo itakayokuambia una muda kiasi gani.

Kisha andika maswali manne na uyatafutie majibu kwa wizara ya afya au WHO:

- Unaambukizwa kwa njia gani: hewa, kugusana, maji, wadudu?
- Inachukua siku ngapi tangu mtu kuambukizwa hadi dalili kuonekana?
- Je, mtu huambukiza wenzake kabla hajajisikia kuumwa?
- Unawaumiza zaidi akina nani?

Usibebe majibu ya janga lililopita ukayabandika kwenye hili. Mafua ya 1918 yaliua vijana wengi wa miaka 20 hadi 40, watu wenye nguvu zao. UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona vya 2020, uliwaelemea zaidi wazee. SARS ya 2003, ugonjwa mwingine wa mapafu, iliambukiza hasa mtu akiwa tayari anaumwa, ndiyo maana kuwapima watu joto na kuwatenga wagonjwa kulisaidia sana kuikomesha. Virusi vya 2020 viliambukizwa na watu waliojiona wazima kabisa, na vipimajoto vya milangoni vikawapitisha.

Majibu yenyewe pia yatabadilika. Mwanzoni mwa 2020 wataalamu waliwaambia watu wasio wagonjwa kwamba hawahitaji barakoa. Mwezi Aprili Marekani ikageuza ushauri, na Juni WHO nayo ikafanya hivyo. Wengi waliona wamedanganywa. Mimi naona hivi: anayetoa ushauri wa ugonjwa wenye umri wa miezi miwili anatembea gizani na tochi ndogo. Akisema "nilikosea, pinda kushoto," huyo ni bora kuliko asiyebadilika. Karibu na kila jibu unaloandika, weka tarehe. Likifikisha wiki tatu, lihakiki upya.

Hatua ya 2: Kaeni chini na karatasi

Karatasi, si simu. Simu huzima chaji, hufungwa kwa nywila, na mwenye nayo ndiye huyo huyo anayeweza kulazwa.

Andikeni majina ya wote wanaoishi humo ndani, na wale wasioishi humo lakini wanawategemea. Mbele ya kila jina weka umri, ugonjwa wa kudumu kama upo, dawa anazotumia na kipimo chake, kitu kinachomdhuru (kuna watu penisilini haipatani nao kabisa), na namba ya kadi ya bima au ya kliniki. Chini yake namba za simu: kituo cha afya cha karibu, mtu mwenye gari au anayeweza kulipata usiku, ndugu mmoja wa mbali ambaye atapokea taarifa na kuwapasha wengine.

Halafu njooni kwenye sehemu ngumu. Kwa kila kazi ya nyumba andikeni majina mawili: anayeifanya sasa na atakayeifanya huyo akiugua. Nani anajua mtoto mdogo hunywa nini na hulala vipi? Nani mwingine anaweza kumchoma bibi sindano ya insulini? Nani anajua bili hulipwaje? Kwetu tuligundua kwamba kazi saba kati ya kumi na moja zilikuwa na jina moja tu, na jina lenyewe lilikuwa la dada yangu. Hakufurahi kuona karatasi ile, lakini wiki hiyo hiyo kila mtu alianza kufundishwa kitu.

Wenye watoto wadogo wajibu na hili, hata kama linauma kulisema: wazazi wote wawili wakilazwa, watoto watakwenda kwa nani? Mpigieni mtu huyo leo. "Shemeji, tukikwama sote, watoto waje kwako?" Asikie kwa masikio yake, akubali au akatae akiwa na muda. Kumtaja kwenye karatasi bila yeye kujua si mpango.

Hatua ya 3: Dawa kabla ya kitu kingine chochote

Chakula kinaweza kubadilishwa kwa kingine. Dawa ya kifafa haina mbadala jikoni.

Hesabu vidonge vya kila mwenye ugonjwa wa kudumu: presha, kisukari, pumu, kifafa, VVU, moyo, tezi. Lengo ni kuwa na akiba ya siku 30 juu ya unazotumia sasa. Mwombe daktari au mfamasia akuandikie za miezi miwili au mitatu kwa mkupuo. Mwanzoni mwa janga maombi haya huwa rahisi kukubaliwa kuliko baadaye, maana hata kliniki zenyewe hazitaki msongamano. Ukikataliwa, nenda kuchukua dawa wiki moja kabla ya siku yako badala ya kusubiri kidonge cha mwisho. Polepole utajenga akiba.

Dawa mpya weka nyuma, za zamani mbele, ili zisije zikaharibika. Insulini inahitaji ubaridi, kwa hiyo uliza mapema kwamba umeme ukikatika muda mrefu uihifadhi vipi.

Kwenye sanduku la nyumba weka: parasetamoli, kipimajoto (jaribu betri yake kabla ya kukihitaji), pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji kwa anayeharisha), barakoa, glavu chache, plasta. Mkiweza, ongezeni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Si lazima, lakini kwa ugonjwa unaoshambulia mapafu nimeona kikiamua nani aende hospitali usiku na nani asubiri asubuhi.

Parasetamoli ina mtego wake. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na apitishe angalau saa nne kati ya dozi na dozi. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake. Ukimeza zote mbili umejizidishia bila kujua, na kinachoharibika ni ini. Soma pakiti. Watoto hupimiwa kwa uzito wao, si kwa kukata kidonge kwa kukisia. Na mtoto mwenye homa ya virusi usimpe aspirini.

Kuhusu dawa za kuua bakteria: ikiwa ugonjwa ni wa virusi, haziugusi. Ukizinunua kwa wingi na kuzimeza "kwa kinga" unaharibu dawa ambayo siku moja utaihitaji kweli. Vivyo hivyo na dawa yoyote inayovuma ghafla. Mwaka 2020 haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, ilipovuma, waliotaabika kwanza ni wagonjwa wa lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), ambao huitumia kila siku, wakaikuta haipo. Uvumi mwingine ulikuwa kwamba pombe huua virusi tumboni. Nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Ugonjwa ulikuwepo, lakini wale hawakuuliwa na ugonjwa.

Hatua ya 4: Nunua kidogo kidogo

Rafu hazikauki kwa sababu ya walafi tu. Duka limezoea kuleta mzigo kwa kasi ambayo watu hununua kila siku. Kila familia ikiongeza pakiti moja tu ndani ya wiki ileile, mzigo unaisha; anayekuja nyuma akikuta pengo anaogopa, naye anachukua tatu. Karatasi za chooni zilipotoweka sehemu nyingi za dunia mwaka 2020, sababu mojawapo ilikuwa ya kawaida kabisa: watu waliokuwa wakitumia vyoo vya ofisini na shuleni sasa walikuwa wakitumia vya nyumbani.

Kwa hiyo anza mapema na uende taratibu. Kila unapokwenda kununua mahitaji, ongeza kitu kimoja au viwili vya kuweka. Ukifanya hivyo tangu habari za kwanza, hakuna rafu utakayoitikisa.

Kujua kiasi, usitumie orodha ya mtu mwingine. Kwa siku saba andika kila mnachokula na kutumia, kisha zidisha mara mbili. Hiyo ndiyo akiba yenu ya wiki mbili. Inatosha. Akiba ya miezi sita ni ya wadudu na panya.

Nunueni mnachokula siku zote. Nafaka, jamii ya kunde, mafuta, chumvi, sukari, vya makopo kama mmevizoea. Mgonjwa hana hamu ya kula, na hamna siku mbaya ya kumwonjesha kitu kigeni kama hiyo. Wekeni na vitu laini vya kumeza: supu, uji, matunda yanayodumu.

Watu hukumbuka chakula na kusahau hivi: taulo za kike, nepi, maziwa ya mtoto, betri, kiberiti, nishati ya kupikia, vocha za simu, kopo la kuhifadhia maji, kifungua makopo, chakula cha mbwa au paka, na miwani ya akiba kwa asiyeona bila miwani. Maji hasa. Kama bomba lenu hukatika nyakati za kawaida, litakatika pia nyakati zisizo za kawaida.

Na mkikuta kimebaki kimoja rafuni na nyumbani mnacho, kiacheni.

Hatua ya 5: Usafi, kwa kiasi chake

Virusi vingi vya magonjwa ya mapafu, vikiwemo vya mafua na korona, vimefungwa katika utando wa mafuta. Sabuni inaupasua utando huo kama inavyopasua mafuta kwenye sufuria. Ndiyo maana kipande cha sabuni ya kawaida kina nguvu kama chochote utakachouziwa, mradi usugue sekunde 20, pamoja na vidole gumba na kati ya vidole. Kitakasa mikono ni cha pale usipokuwa na maji. Kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Hapo ndipo chupa zangu sita zilipoangukia: tatu kati yake hazikuwa zimeandikwa kiasi cha alkoholi hata kidogo.

Kwa kufuta vitasa, meza na choo, dawa ya klorini, ile wengi huita jiki, inatosha. Yenye nguvu ya asilimia 5 changanya vijiko vinne vya chai na maji ya kutimiza lita moja, iache juu ya kitu kwa dakika chache ndipo ufute. Changanya ya siku hiyo tu, kesho imeshapoteza nguvu. Usiichanganye kamwe na siki, na amonia, wala na dawa nyingine ya choo: hewa inayotoka ni sumu, na watu huipata wakiwa wamejifungia bafuni wakisugua kwa bidii. Na isinywewe, isinyunyiziwe mtu.

Sasa nikiri. Miezi miwili ya mwanzo wa 2020 nilikuwa nafuta kila pakiti iliyoingia ndani, hadi bahasha. Baadaye ilithibitika kwamba ugonjwa ule ulisafiri zaidi kwa hewa, na kupitia vitu vilivyoguswa ni kwa nadra. Muda wote ule nikifuta bahasha, madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mbu na vumbi. Ningefungua madirisha mawili yanayotazamana nikaacha bahasha zipumzike, ningekuwa nimefanya la maana zaidi.

Hivyo: kama hujajua ugonjwa unasafiri vipi, fanya yote mawili, mikono na hewa. Ukishajua, weka nguvu zako palipo na hatari. Barakoa nayo, ikihitajika, ifunike pua na kukaa usoni bila mianya pembeni. Inayoning'inia kidevuni ni pambo.

Hatua ya 6: Chagua chumba cha mgonjwa sasa, akiwa bado hayupo

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Chumba kizuri ni chenye dirisha linalofunguka na kilicho karibu na choo. Ikiwa choo ni kimoja, mgonjwa awe wa mwisho kukitumia asubuhi, na kifutwe kila anapotoka. Ikiwa chumba ni kimoja kwa familia nzima, hilo ni jambo la kawaida kwa watu wengi duniani na halimaanishi mmeshindwa. Mwekeni mgonjwa upande wa dirisha, laleni miguu kwa kichwa, tundikeni shuka katikati, acheni mlango wazi mchana, na muda mwingi wengine wakae nje. Yeye na anayemhudumia wavae barakoa wanapokuwa karibu. Si kinga kamili, lakini kila kitu kinapunguza kidogo.

Mhudumu awe mmoja. Asiwe mjamzito, asiwe mzee, asiwe mwenye ugonjwa wa kudumu, kama mna la kuchagua. Aliyewahi kuugua ugonjwa huo akapona ndiye bora. Mgonjwa awe na sahani, kikombe na taulo zake. Kuosha kwa sabuni na maji ya moto kunatosha, hakuna haja ya kuvichoma au kuvitupa.

Andaeni daftari la mgonjwa. Kila asubuhi, mchana na jioni andikeni: joto la mwili, ameshindwa au ameweza kula, amekunywa kiasi gani, amekojoa, dawa gani saa ngapi. Mtu aliyechoka hawezi kukumbuka kama dozi ilikuwa saa nane au saa kumi, na daktari kwenye simu atauliza hilo hilo.

Kinywaji ndicho tiba kubwa ya nyumbani. Akiharisha au kutapika mpe ORS. Isipokuwepo, tengeneza: maji safi yaliyochemshwa na kupozwa lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai iliyosawazishwa. Si zaidi. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru, hasa mtoto. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Ikipita saa 24, mwaga.

Dalili za kutosubiri asubuhi ni hizi, na ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa:

- anapumua kwa shida au hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta;
- kifua kinauma au kinabana bila kuachia;
- amechanganyikiwa, au haamki vizuri mnapomwamsha;
- midomo au kucha zimegeuka rangi, zimekuwa za kijivu au bluu;
- hajakojoa siku nzima;
- mtoto mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au amekataa kabisa kunywa.

Mwenye kile kifaa cha kidole: 95 kwenda juu ni kawaida, 90 hadi 94 pigia mhudumu wa afya, chini ya 90 ni dharura. Mikono ya baridi na rangi ya kucha hukidanganya, kwa hiyo pasha kidole joto, futa rangi, pima tena. Wanaoishi kwenye miinuko mirefu sana wawe na namba zao za kawaida walizopima wakiwa wazima.

Kabla hamjatoka, pigeni simu hospitali muwaambie mnakuja na mgonjwa wa namna gani. Wanaweza kuwaelekeza mlango mwingine au kituo kingine, na mtakuwa mmewakinga waliokaa kwenye foleni. Mfuko wa hospitali uwe tayari mlangoni: ile karatasi ya hatua ya 2, daftari, dawa zake, chaja, maji, nguo.

Hatua ya 7: Kazi na pesa

Muulize mwajiri sasa, kabla hujaumwa: nikiambiwa nijitenge siku 14, mshahara wangu ukoje? Jibu likija kwa maandishi ni bora. Anayeishi kwa kipato cha kila siku hana wa kumuuliza, na kwake akiba ya wiki mbili ni mlima. Basi aanze na dawa na nishati, kisha azungumze na anayemdai na mwenye nyumba mapema. Mtu anayekuja kuomba muda kabla ya tarehe husikilizwa kuliko anayezima simu baada ya tarehe. Pesa taslimu kidogo ndani, salio la simu, na usikope ili kununua barakoa.

Hatua ya 8: Uvumi, na hofu yako mwenyewe

Chagua vyanzo viwili, visome asubuhi na jioni, basi. Mimi nilipokuwa nasoma kila nusu saa sikujua zaidi ya waliokuwa wakisoma mara mbili. Nilikuwa tu silali.

Ujumbe ukiingia kwenye kundi la familia la WhatsApp, jiulize: nani amesema, lini, na ananitaka nifanye nini? Ukianza na "daktari mmoja" asiye na jina na kuisha na "sambaza kwa haraka", mkono wako usitikisike. Kumjibu mkubwa wako mbele ya watu arobaini kwamba amesambaza uongo ni kumvunjia heshima, na hataacha. Ataanzisha kundi lingine. Mfuate pembeni: "Shikamoo shangazi. Asante kwa kutujali. Ile ya kuvuta mvuke nimemuuliza mfamasia, kasema haiui virusi, na watoto wanaungua na maji ya moto. Naomba uwaambie wewe, wewe wanakusikiliza." Shangazi yangu aliwaambia. Kwa ukali kuliko ambavyo ningethubutu.

Watoto wanasikia kila kitu kupitia mlango. Waambieni kwa maneno mafupi ya kweli: kuna ugonjwa mpya, watu wengi hupona, sisi tunafanya hivi na hivi, kazi yako wewe ni kunawa na kumkumbusha babu. Mtoto mwenye kazi haogopi kama mtoto aliyeambiwa "hayakuhusu."

Na hofu ya mtu mzima? Iandike. Kila inayokuamsha usiku iweke kwenye safu mbili: ninaloweza kulifanyia kitu kesho, na nisiloweza. La kwanza lihamishie kwenye hatua yake hapa juu. La pili liache kwenye karatasi. Kama hulali kwa wiki nzima, huli, au unajifungia na kulia, zungumza na mtu wa afya. Hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa.

Hatua ya 9: Wanaoishi peke yao

Tafuta walau mmoja. Kubalianeni saa ya kupigiana kila siku, na kubalianeni pia kitakachofuata simu isipopokelewa: nani ana ufunguo, nani ataenda kugonga. Mahitaji yaachwe mlangoni, mtu arudi nyuma hatua kadhaa, wasalimiane kwa mbali.

Na jirani akiugua, msimnong'one. Palipo na aibu watu huficha kikohozi, huchelewa hospitali, na ugonjwa hupata njia. Mpelekeeni maji na chakula mlangoni. Akipona, atakuwa mtu mwenye thamani kuliko wote katika mtaa: anajua ugonjwa unavyokwenda siku kwa siku, na huenda akawa mhudumu wenu.

Hatua ya 10: Siku ya kikohozi cha kwanza

Mgonjwa aingie chumbani saa hiyo hiyo, msisubiri majibu ya vipimo. Fungueni dirisha. Andikeni tarehe na saa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Piga simu kwa kituo cha afya, kisha kwa yule ndugu mmoja, ambaye ndiye atawajibu wengine ili simu yenu isimalize chaji kwa salamu za pole. Wote wa humo ndani wakae ndani kwa siku zilizotajwa na wizara. Mhudumu alale mapema usiku wa kwanza, kwa sababu siku ngumu zinaweza kuwa za baadaye: kwa UVIKO-19 wengi waliozidiwa walizidiwa wiki ya pili, walipokuwa wanadhani wanapona.

Hadi siku hiyo, wekeni saa moja kila Jumapili. Hesabu dawa, jaza kilichopungua, badilisha majina ya waliosafiri, hakiki majibu manne ya hatua ya 1. Kwetu anayehesabu ni mama. Huanza na vidonge vyake.